Walichokiita Chango

Ukitaka kumjua Ida, mke wa Lukasi, usianzie siku aliyonyamaza. Anzia mdomo wake. Huko Lumuma alikozaliwa walimwita Redio, wakati redio zenyewe kijijini zilikuwa za kutafuta, naye jina hilo hakulichukia. Alimbishia karani wa pamba mbele ya mizani. Alimwambia katekista, tena mlangoni mwa kanisa, kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu kuliko njaa ya watoto. Na mwaka 1974, maofisa walipopanda milimani kutangaza kwamba watu washuke wakaishi pamoja katika kijiji cha ujamaa, ni yeye aliyesimama na kuuliza kama makaburi nayo yangepakiwa kwenye lori. Watu walicheka, na ofisa mwenyewe akacheka. Kisha wakapakiwa.

Hivyo ndivyo Ida, Lukasi na binti zao wawili, Raheli na Elizabeti, walivyojikuta Zombo, kando ya barabara, katika nyumba iliyopangwa mstari mmoja na nyumba za watu wasiowajua. Ida alinung'unika wiki chache, halafu akaona faida. Maji yalikuwa ya bomba. Zahanati ilikuwa karibu, na shule ilionekana kutoka mlangoni. Raheli, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliingia darasa la tano na kila alipokuwa nyumbani alisoma kwa sauti, hadi Lukasi akasema nyumba sasa ina redio mbili.

Kitu kimoja hakikupakiwa kwenye lori lile. Kwao Ida, msichana akivunja ungo, mama yake mzazi hasemi naye. Anajua, lakini anajifanya hajui. Anapika, anachota maji, anapisha. Kazi ya kusema ni ya bibi au shangazi, na wao humweka mwali ndani na kumfunza kwa nyimbo na mafumbo. Ida mwenyewe alifunzwa hivyo na mama wa mama yake. Mafumbo mengine hakuyaelewa hata kidogo, na alipouliza, wazee walimwambia, "Utaelewa mbele ya safari." Ni kweli alielewa, lakini alikuwa ameshazaa mtoto wa pili.

Bibi yake Raheli alibaki kaburini Lumuma. Mashangazi walipelekwa vijiji vingine. Hapo Zombo mwanamke aliyejulikana kwa kufunza mabinti alikuwa jirani yake, Bi Mwamvua, mjane wa Kiislamu mwenye sauti nzito na dhihaka nyingi, ambaye hata wake za viongozi walimwamkia kwanza. Lakini Ida angemwendeaje? Kwanza ni kukiri kwamba hana ndugu. Pili, katekista alikuwa amekataza ngoma za mwali. Alizikataza vizuri sana, kwa maandiko, ila hakusema ni nini kitakachokaa mahali pake. Shule nayo ilifundisha maisha ya mbu tangu yai, na konokono wa kichocho, na jinsi mbegu ya haragwe inavyochipua. Ilipofika zamu ya binadamu, mwalimu alifunga kitabu na kusema hayo yatasomwa mkiwa wakubwa.

Basi asubuhi moja mwaka uliofuata Ida aliona kanga ya Raheli imefuliwa na kuanikwa nyuma ya nyumba kabla jua halijachomoza. Akaelewa. Moyo ukamdunda kana kwamba yeye ndiye mwali. Alikoka moto, akaupuliza muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji, na akiwa amempa binti yake mgongo, akasema:

"Sasa umekua. Usicheze na wanaume."

"Ndiyo, mama," Raheli akajibu.

Ikawa ndiyo elimu yote. Ida akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Na Raheli alitii. Baada ya wiki chache Mwalimu Gabrieli alifika nyumbani, baiskeli mkononi, kulalamika kwamba mkimbiaji wake bora amekataa mbio za kupokezana vijiti.

"Anasema uwanjani kuna wavulana, Mama Raheli. Hata rede hachezi wakipita karibu. Kuna mtu amemtisha?"

"Hajatishwa, Mwalimu. Amefundishwa."

Alilisema hilo kwa fahari, na akalirudia bombani. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema juzi mpira ulibingirika kuelekea kwa Raheli, akaruka kando kama ameona nyoka. Bi Mwamvua, aliyekuwa akisuuza ndoo, hakucheka.

"Mama Raheli, mtoto wako hajachezwa ngoma. Ndiyo maana anakimbia mipira."

"Amefundwa nyumbani."

"Na nani?"

Ida alijitwisha ndoo yake, ingawa haikuwa imejaa, akaondoka.

"He!" yule mmoja akamwambia mwenziwe. "Leo redio imekwisha betri."

Msimu wa pamba wa mwaka 1976, Raheli akiwa darasa la saba na mtihani wa mwisho ukikaribia, alianza kuumwa tumbo la chini. Alinywa maji mengi na kwenda chooni mara nyingi. Jioni moja Ida alipita karibu na choo, akamsikia akilia kwa kubana meno. Alisimama pale na kopo mkononi. Mwanamke mzima, aliyezaa, aliyekaa na wanawake wenzake, hawezi kusikia kilio cha namna ile asihisi chochote. Ida alihisi. Ila alikisukuma kile alichokihisi mbali, kama mtu anayesukuma mbuzi wa jirani atoke uwanjani.

Kesho yake wakaenda zahanati. Benchi lilikuwa limejaa wanawake, wengi wa kijijini kwao, wawili wa kwaya moja naye. Chumba cha nesi hakikuwa na mlango, bali pazia, na siku hiyo pazia lilikuwa limeondolewa kufuliwa. Nesi Magreti, msichana wa Morogoro aliyehamishiwa pale karibuni, aliuliza mgonjwa anaumwa nini.

"Chango," Ida akajibu haraka.

Chango, kwa watu wa pale, ni nyumba yenye vyumba vingi. Minyoo ni chango. Tumbo la mwezi ni chango. Mwanamke asiyezaa ana chango, na mwanamume asiyelala vizuri ana chango. Kila kisichofaa kutajwa, kati ya kitovu na magoti, hupewa jina hilo, na msemaji na msikilizaji wakabaki na heshima zao.

Magreti akamgeukia msichana. "Umewahi kukutana na mwanamume?"

"Ndiyo, nesi. Leo nimekutana na watatu, njiani."

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja alicheka hadi akamkumbatia mtoto wake kwa nguvu asidondoke. Raheli alitazama huku na huku, akitafuta alipokosea. Nesi naye uso ukamwiva. Akainama, akapunguza sauti.

"Nauliza hivi, umelala na mwanamume?"

"Hapana, nesi. Nalala na mdogo wangu, Elizabeti."

Raheli hakudanganya. Ida alilijua hilo kwa sababu alimjua binti yake. Mtoto huyu akidanganya hushika sikio, na sasa mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Alijibu alichoulizwa, yote mawili, kwa ukweli mtupu. Ni maneno waliyompa ndiyo yaliyokuwa na sakafu mbili, na hakuna aliyekuwa amempeleka kwenye ile ya chini.

Magreti alimwinulia Ida macho, na Ida akaelewa anachoombwa. Ilikuwa amgeukie mwanawe amuulize kwa maneno yasiyo na nguo. Neno lilikuwa tayari, alilisikia juu ya ulimi. Nyuma yake benchi lilikuwa limenyamaza ghafla, kimya cha watu wanaotaka kusikia. Aliwaza kwaya. Aliwaza bomba. Aliwaza Bi Mwamvua akiuliza, "Na nani?"

"Ni chango tu, nesi," akasema. "Hata mimi hunisumbua."

Walirudi nyumbani na dawa ya minyoo. Njiani Raheli alimshukuru mama yake kwa kumsemea, na Ida akatembea mbele ili asionekane uso.

Maumivu yalipungua, kama yanavyoweza kupungua bila ugonjwa kuondoka. Kilichofuata hakikuweza kuitwa chango. Wiki chache kabla ya mtihani, Raheli alirudishwa kutoka shuleni mchana, madaftari kifuani, na Mwalimu Gabrieli nyuma yake akisukuma baiskeli kama anayesindikiza msiba. Msichana mwenye mimba hakuruhusiwa kuendelea. Ndivyo ilivyokuwa shuleni wakati ule, na hakuna aliyesimama kuuliza.

Ida alimfungia binti yake chumbani, akamshika mabega.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?"

"Usicheze na wanaume."

"Sasa?"

"Lakini mama, sikucheza!" Raheli alilia kwa mshangao wa mtu aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. "Hata siku moja. Mwinjuma hachezi, ni mtu mzima, anafanya kazi. Alisema ananipenda, atanioa. Hatukucheza, mama. Naapa."

Ida akamwachia mabega. Alikaa kitandani, juu ya nguo za Elizabeti zilizokunjwa, na kwa muda hakuweza kumtazama mtoto. Mwinjuma alikuwa kijana wa miaka ishirini, utingo wa lori la pamba, mtoto wa pekee wa Bi Mwamvua. Lakini si yeye Ida aliyemwona wakati ule. Aliona mgongo wake mwenyewe, umeinama motoni.

Usiku Lukasi alimuuliza mkewe swali moja tu. "Ulimwambia nini?"

Ida akamwambia.

"Basi?"

"Basi. Na wewe ulimwambia nini?"

Lukasi akajigeuzia ukutani.

Siku ya pili Ida alimshika Raheli mkono na kumrudisha zahanati. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile. Safari hii alisogea hadi mezani kwa nesi na kusema, kwa sauti ambayo haikuwa yake lakini iliyosikika, kwamba mtoto amelaliwa na mwanamume, kwamba ana mimba, na kwamba tangu msimu wa pamba akienda haja ndogo anawaka moto. Hakuna aliyecheka. Ida alitamani wangecheka.

Magreti alimpima Raheli, akampima tena, kisha akamwita mama peke yake nyuma ya jengo, penye pipa la maji.

"Ni kisonono, mama. Sindano zipo, ataanza leo. Lakini tumechelewa, na mtoto aliye tumboni naye yumo hatarini. Akizaliwa mama yake akiwa bado na ugonjwa, unaweza kumshika macho, akapofuka." "Mbona hukusema siku ile?"

"Na wewe mbona hukumuuliza kwa Kiswahili?"

Ulikuwa ule ulimi wa zamani, umezinduka. Ida alijuta mara moja, kwa maana nesi aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua kutu ya pipa kwa ukucha.

"Ni kweli," Magreti akasema. "Chuoni walitufundisha dawa. Namna ya kuuliza, walituambia tutumie lugha ya adabu." Kisha akajikaza. "Sasa sikiliza. Huyo kijana lazima naye atibiwe. Asipotibiwa, akimrudia binti yako atamrudishia. Na lori lake linazunguka. Leo Kilosa, kesho Mikumi, na kote huko kuna watoto wa watu wanaojua kama alivyojua wako. Mlete."

"Nikimtuma balozi wa nyumba kumi?"

"Balozi atamkamata, hatamtibu. Atakimbia, nasi tutakuwa tumeusindikiza ugonjwa."

Ndiyo maana alasiri ile, kabla ujasiri haujapoa, Ida alivuka nyumba mbili na kusimama uwanjani kwa Bi Mwamvua.

Bi Mwamvua alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichochea chungu kilichotoa harufu kali ya mizizi.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba. Karibu." Hakuinua macho. "Kama umekuja kwa ajili ya mimba, mwanangu hajaikataa. Wazee watakaa, wataongea. Mimi na wewe hatuna la kutukanana."

"Sikuja kwa ajili ya mimba."

"Basi keti. Kigoda kingine kile pale."

Ida hakuketi. "Hizo dawa ni za nani?"

"Za Mwinjuma. Yumo ndani amelala, jioni lori linampitia waende Mikumi. Chango linamsumbua tangu mwezi wa mfungo, masikini. Akienda haja anashika ukuta."

Kumbe neno lile lile lilikuwa limekaa nyumba zote mbili, likichemshiwa mizizi huku na likimezewa vidonge kule, wala mama mmoja hakumwambia mwenzake.

"Si chango," akasema.

"Ala! Umeacha kwaya umekuwa mganga?"

"Si chango, Bi Mwamvua. Ni ule... ugonjwa wa... wanaoupata watu wakishaku..."

"Wakishaku nini? Tangu lini wewe ukakosa neno? Bombani hapo tunakuomba unyamaze."

"Kisonono."

Kijiko cha mti kilisimama ndani ya chungu. Bi Mwamvua alivuta upande wa kanga, akaufunika mdomo wake, kana kwamba yeye ndiye aliyelitoa.

"Toka uwanjani kwangu."

"Nitatoka. Nimalize kwanza." Ida alitazama miguu yake, vumbi lililokauka kati ya vidole. "Raheli anao. Alianza kuumwa pamba ikivunwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa nesi, nesi akaniangalia usoni niseme, na mimi nikasema chango. Nilijua. Usidhani sikujua. Nikapokea dawa ya minyoo nikamnywesha mwanangu, naye akanishukuru. Ugonjwa umekaa naye muda wote huo kwa sababu niliogopa benchi. Na kabla ya hapo nilimwambia asicheze na wanaume, akaacha kukimbia riadha. Hiyo ndiyo kinga niliyompa. Sasa nesi anasema mjukuu wetu anaweza kuzaliwa asione."

Neno *wetu* lilimtoka bila kukusudia. Bi Mwamvua alilisikia. Kanga ikateremka taratibu kutoka mdomoni.

"Vijana wenzake walikuwa wanampongeza," akasema, karibu kwa kunong'ona. "Niliwasikia pale kwenye lori. Wanamwambia sasa umekomaa, hakuna dereva asiyepita hapo. Nikadhani wanamsifia kazi." Alikitazama chungu. "Mimi nimefunza mabinti wa kijiji hiki, na wa kijiji cha kabla ya hiki. Wa kiume si wangu kumfunza. Baba yake alikufa mapema. Wanaume walimtia jandoni, wakamtoa, wakasema basi, ni mwanamume. Sikuuliza walimwambia nini. Mama haulizi."

"Ndiyo. Mama haulizi."

"Nimwambieje sasa, Mama Raheli? Mtoto niliyemzaa mimi? Nitamtazama wapi?"

Ida mwenyewe tangu asubuhi hakuwa amejua amtazame Raheli wapi. Alisema tu kile alichokuwa nacho, kwamba zahanati haijafungwa bado, na kwamba Mikumi kuna wasichana.

Kutoka barabarani ilisikika sauti ya gari, wote wawili wakageuza shingo, likapita. Kisha yule mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwamkia kwanza, akasogeza kile kigoda cha pili karibu na chake, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti. Uniambie upya, yote, kama alivyokwambia nesi. Unavyoingia, unavyopita kwa mwingine, unavyotibiwa. Mimi navijua vitu hivi kwa majina mengine, na majina yale mwanangu hayajui."

Ida akaketi. Alisema. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyoogopa, na kila moja lilimchoma likipita. Bi Mwamvua aliyafuatisha kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, kama walivyofuatisha silabi kwenye kisomo cha watu wazima, na alipokwama Ida alimrudishia. Walisema hivyo bega kwa bega, wakiutazama moto, wala hawakutazamana.

Halafu Bi Mwamvua akaepua chungu, akamwaga mizizi yote mchangani. Alijifunga kanga upya, akaenda hadi mlangoni.

"Mwinjuma. Amka, uvae shati. Nina neno na wewe kabla hatujatoka."

"Mama, chango limetulia, niache nilale."

"Amka."

Aliingia, mlango ukaegeshwa. Ida alibaki uwanjani peke yake. Angeweza kuondoka. Hakuondoka, wala hakuinua kichwa, shingo ikimwaka kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Ndani sauti ya Bi Mwamvua ilianza vizuri, ikapunguza mwendo, ikakohoa. Kisha ikalitamka neno kisonono.